Sindano inafifia, ukuta unaonekana: fokasi na mtikisiko unaporekodi kwa simu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nafundisha ushonaji kwa video fupi. Nabana simu kwenye meza ya cherehani na kurekodi kwa programu ya kamera niliyoipakua, kwa sababu ile iliyokuja na simu hainiruhusu kupanga mwanga mwenyewe. Shida ni mbili. Nikianza kushona, sindano inafifia, inarudi, inafifia tena. Na nikitembea dukani kuonyesha vitambaa, picha inayumba kama jeli na pembeni panapinda. Kamera iliyokuja na simu inatoa picha nzuri mchana, ila jioni nayo inasumbua. Simu hiyo hiyo mume wangu huifunga kwenye pikipiki kuangalia ramani akipeleka mizigo. Je, tatizo ni programu, ni simu au ni mimi?

Jibu: Marahaba, fundi. Swali lako nimelisoma mara mbili, na sentensi iliyonipa matumaini ni ile ya kamera iliyokuja na simu kufanya kazi vizuri mchana. Maana yake lenzi bado inasogea na inafika inakotakiwa. Simu yako, kwa dalili hizo, ni nzima. Lakini una matatizo matatu yaliyojificha ndani ya hayo mawili uliyoyataja, na kila moja lina dawa yake. Ukiyachanganya utabadilisha programu kumi na hutapona.

Anza hivi. Fungua video kwenye simu yenyewe iliyorekodi, si ile iliyokwisha kupita WhatsApp, maana WhatsApp hulibana faili na kuongeza ukungu wake. Isimamishe pale inapofifia, uikuze, kisha utazame kwa utulivu fremu hiyo moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. Kama sindano imefifia lakini kalenda iliyo ukutani nyuma yake inasomeka, hapo fokasi, yaani ulengaji wa lenzi unaofanya kitu kionekane kikali, imekimbilia nyuma. Kama hakuna chochote kilicho wazi, na kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, ile taa ndogo ya cherehani imekuwa mstari badala ya nukta, hiyo si fokasi hata kidogo. Simu ilitikisika wakati fremu inapigwa. Na kama picha ni kali ila fremu ya mlango imepinda kama upinde, kilichoipinda ni utulizaji, yaani kazi ya simu ya kuzuia picha isiyumbe. Watu wengi wanaoniandikia wakilalamika kuhusu fokasi huwa na tatizo la pili. Wewe, kwa maelezo yako, nadhani mezani una la kwanza na la pili kwa pamoja, na dukani una la tatu.

Tuanze na meza. Lenzi ya simu husukumwa na koili ndogo ya waya iliyo karibu na sumaku, ufundi ule ule wa spika ya redio. Umeme ukipita, koili inasogea na lenzi inasogea nayo. Safari yake yote haifiki milimita moja. Swali ni nani anaiambia isogee kiasi gani. Simu za zamani, na nyingi za bei nafuu hadi leo, hupapasa: zinasogeza lenzi, zinaangalia kama kingo zimekuwa kali zaidi, zinapitiliza, zinarudi. Kule kupitiliza na kurudi ndiko unakokuona kama picha inavuta na kuachia. Simu bora zaidi hulinganisha mwanga ulioingia upande wa kushoto wa lenzi na ule wa kulia, zikajua papo hapo lenzi iende mbele au nyuma na kwa kiasi gani. Samsung Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilikuwa simu ya kwanza kutumia karibu kila pikseli, yaani nukta ndogo zinazopokea mwanga wa picha, kwa kazi hiyo. Lakini njia zote mbili zinahitaji vitu viwili: mwanga, na kitu chenye kingo za kushika. Uzi mweusi juu ya suruali nyeusi saa 12 jioni hauna kingo. Kamera haina pa kushika, inaendelea kupapasa.

Sasa fikiria unachoiwekea mbele. Sindano inapanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde. Kiguu cha chuma kinachobana kitambaa kinang'aa na kuakisi dirisha. Vidole vyako vinaingia na kutoka. Na kwa kuwa simu umeisogeza karibu ili mishono ionekane, eneo linalobaki wazi mbele na nyuma ya sindano ni sentimita chache tu. Kamera imeagizwa kufuatilia kitu kilicho katikati, na kilicho katikati hakitulii. Inafanya ilichoagizwa.

Hapa ndipo programu inapoingia. Kwenye Android, programu ya kamera haiishiki lenzi kwa mkono wake. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 kuna njia rasmi inayoitwa Camera2, ambayo programu huitumia kutuma maombi: fokasi iwe ya namna hii, mwanga uwe huu, utulizaji uwashwe. Anayetekeleza ni programu ya ndani ya mtengenezaji wa simu, na ndiye anayeamua ombi lipi atalitimiza. Fokasi endelevu, ile inayojirekebisha yenyewe muda wote, ina namna mbili: ya picha mnato, inayoruka upesi, na ya video, inayokwenda polepole bila kupitiliza. Programu inayorekodi video kwa namna ya picha mnato itakuonyesha kila mruko. Tena baadhi ya watengenezaji huiweka kando ile fokasi nzuri kabisa na utulizaji mzuri kabisa kwa ajili ya programu yao wenyewe, programu za nje zikapewa toleo la kawaida. Kwa hiyo ukiuliza ni programu au ni simu, mara nyingi ni makubaliano kati ya hizo mbili.

Kwa kazi yako ya mezani fokasi endelevu huihitaji. Cherehani haihami, sindano iko pale pale. Ifunge fokasi. Fanya hivi: zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono hadi sindano ishuke na kuingia kwenye kitambaa, uiache hapo. Weka kando yake kipande cha karatasi chenye maandishi, au kitambaa cha madoadoa, mahali mshono utakapopita. Gusa hapo kwenye kioo, subiri herufi ziwe kali, kisha funga. Toa karatasi, anza kushona. Kwenye iPhone, bonyeza na ushikilie kidole hadi maandishi ya njano ya AE/AF LOCK yatokee juu. Kwenye Android, programu ya bure ya Open Camera iliyoandikwa na Mark Harman ina fokasi ya kufungwa, ambayo haibadiliki mpaka uguse kioo tena, na ukichagua Camera2 kwenye mipangilio yake, ikiwa simu yako inairuhusu, unapata pia fokasi ya mkono unayoisogeza kwa kidole. Usipoiona hiyo ya mkono, usihangaike kutafuta kosa lako. Simu yako haijaitoa kwa programu za nje. Blackmagic Camera nayo ni ya bure. Ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa baadhi ya simu za Android mwaka 2024. Ina kitu ambacho fundi wa mikono ataking'ang'ania: hupaka rangi kingo za kile kilicho ndani ya fokasi, ukaona kwa macho kwamba rangi imekaa kwenye sindano na si kwenye kidole.

Kosa moja la kuliepuka: usisogee karibu mno. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haiwezi kulenga kabisa, na kamera kuu za simu nyingi za sasa zinataka angalau sentimita 10, nyingine hadi 20. Chini ya hapo itapapasa milele. Rudi nyuma shibiri moja na nusu, kisha kuza mara 2. Simu nyingine, ukisogea sana, huhamia zenyewe kwenye kamera ya upana. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 ilianza kufanya hivyo ili ilenge hata sentimita 2. Kwa picha mnato ni jambo zuri. Katikati ya video utaona picha imeruka na rangi zimebadilika, na mtazamaji atadhani umekata. Kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone kuna sehemu ya kuzuia kuhama huko wakati wa kurekodi. Na ile kamera ndogo ya megapikseli 2 iliyoandikwa makro kwenye simu za bei ya chini, iache. Fokasi yake kwa kawaida haisogei kabisa, imegandishwa kwenye sentimita chache, na picha yake haifundishi mtu kitu.

Nusu ya pili ya tatizo la mezani ni ile meza yenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri zaidi. Umeibana simu kwenye meza ile ile inayotetemeshwa na cherehani. Kama simu yako ina OIS, yaani utulizaji wa picha kwa kusogeza lenzi, lenzi yake haikukazwa. Imeelea kwenye sumaku na hujisogeza kupingana na mtikisiko wa mkono. Ndiyo maana simu nyingi za namna hiyo, ukizitikisa taratibu karibu na sikio huku kamera imezimwa, unasikia kitu kinagonga ndani. Si ubovu. Ufundi huu ulianza kujulikana kwenye simu kwa Nokia Lumia 920 ya mwaka 2012, na ulikusudiwa kwa mkono wa binadamu, unaoyumba polepole. Mtetemo wa mota ya cherehani ni wa haraka na hauna mapumziko. Lenzi inajaribu kuufuata, inachelewa, na kila fremu inaingia na ukungu wake. Hicho ndicho unachokiona sindano inapoanza, na ndiyo maana kinaanza na kuacha pamoja na pedali.

Itoe simu kwenye meza. Stendi ya kusimama sakafuni, miguu yake ikae juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, isiguse meza mahali popote. Kama huna stendi, ubao uliotoka ukutani au kwenye rafu utafaa kuliko kibano cha mezani cha bei yoyote. Simu ikishatulia hivyo, zima utulizaji wote unaoruhusiwa kuuzima. Kitu kilichosimama hakihitaji kutulizwa, na utulizaji ukiachwa kwenye picha iliyosimama unaweza kuisogeza fremu bila sababu.

Angalia pia vitu viwili vya mafundi cherehani. Kwanza, ile sumaku ya kuokotea pini. Apple wenyewe wameandika kwamba sumaku ikikaa karibu na kamera inaweza kuivuruga lenzi yenye utulizaji na fokasi yake, na ukiiondoa hali hurudi. Kava la kukunja lenye kifungo cha sumaku nalo ni hivyo hivyo, hasa kifungo kikikunjwa nyuma kikatua karibu na kamera. Pili, vumbi la chaki na oili ya mashine. Kidole chenye oili kikigusa kioo cha kamera, taa zinapata miale mirefu na picha nzima inakuwa kama ina mvuke. Nilipoteza asubuhi nzima siku moja nikipekua mipangilio ya simu ya fundi mwenzako, na dawa ilikuwa pindo la shati langu. Tangu siku hiyo huanza na kufuta kioo.

Jioni. Umesema hata kamera iliyokuja na simu inasumbua jioni, na hilo ni suala la mwanga. Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila fremu inaweza kupewa hadi sehemu 1 ya 30 ya sekunde kukusanya mwanga, na chumba kikiwa na giza simu huutumia muda wote huo. Programu nyingine hazifungi hata hizo fremu 30. Simu ikiona giza hushuka hadi 15, kila fremu ikakaa wazi muda maradufu. Kwa sindano inayokimbia, huo ni muda mrefu. Itatoka kama kivuli. Kwa kuwa programu yako inakuruhusu kupanga mwanga, funga fremu kwenye 30 na uweke kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, taa zinawaka na kufifia mara 100, kwa hiyo 1/50 na 1/100 hazileti ile mistari ya giza inayopanda kwenye picha, wakati 1/60 au 1/120 zinaweza kuileta chini ya taa za balbu. Ukiweka 1/100 picha itakuwa nyeusi mwanzoni. Usiifidie kwa kupandisha ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka mwisho. Sogeza cherehani karibu na mlango, au weka taa ya meza upande wa kushoto wa sindano, sentimita 40 hivi, imulike kwa mshazari. Mwanga wa pembeni unaupa kila mshono kivuli chake kidogo, na kivuli hicho ndicho kingo ambazo fokasi ilikuwa inazililia.

Twende dukani. Kule unatembea, kwa hiyo utulizaji unauhitaji, na unaokupa ile jeli ni EIS, yaani utulizaji wa kielektroniki. Huu hauna kitu kinachosogea. Simu inasoma kipimo chake cha mzunguko, jairoskopu, inajua imeyumba kiasi gani, halafu inakata kingo za picha na kuisogeza fremu iliyobaki kinyume cha myumbo. Ndiyo maana ukiiwasha, picha inaonekana imesogea karibu. Ukitembea kwa kishindo, myumbo unazidi ile akiba ya kingo, na programu inaanza kuivuta picha ili isionyeshe pengo. Pembe zinapinda. Tena kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, si yote kwa mara moja, hivyo simu ikiyumba katikati ya usomaji, juu na chini vinakuwa si vya wakati mmoja. Hiyo ndiyo jeli.

Kuna jambo ambalo maelekezo rasmi ya Android kwa waandishi wa programu yanalisema wazi: simu yenye OIS na EIS, kuziwasha zote kwa pamoja kupitia programu kunaweza kuleta mgongano, na haishauriwi. Moja inaisogeza lenzi, nyingine inasahihisha kana kwamba lenzi haikusogea. Programu ya mtengenezaji hujua kuzipatanisha. Programu ya nje mara nyingi hairuhusiwi kujua. Kwa hiyo dukani, mwanangu, tumia kamera iliyokuja na simu. Sioni aibu kukuambia hivyo baada ya kusifia programu nyingine. Mezani pana kazi ya mkono na unahitaji programu ya mkono; ukitembea, mwachie aliyeitengeneza simu. Rekodi kwa ukubwa wa picha wa 1080p na fremu 30, kwa kuwa simu nyingi za bei ya kati huzima utulizaji ukipanda hadi 4K au fremu 60 bila kukuambia. Tumia kamera kuu, viwiko vibane mbavuni, magoti yawe laini, tembea kama umebeba ndoo kichwani. Na rekodi mchana. Usiku EIS inaweza kuisimamisha fremu, lakini ule mvuto ulioingia ndani ya fremu hauwezi kuutoa. Unabaki na picha iliyotulia ambayo kwa kila hatua yako inafifia na kurudi. Ukiiona hiyo utaapa ni fokasi.

Sasa pikipiki. Mwezi Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari rasmi kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki, ikipita kwenye usukani hadi kwenye simu kwa muda, inaweza kudhoofisha OIS na fokasi ya kamera. Waliandika kuhusu iPhone na pikipiki za injini kubwa, lakini lenzi inayoelea ni lenzi inayoelea kwa kampuni yoyote, na barabara zetu zinaongeza za kwao. Mwambie mzee asiifunge tena simu ya kazi kwenye usukani. Aiweke mfukoni na kusikiliza maelekezo kwa kipokea sauti cha sikio moja, au atumie simu nyingine ya bei ndogo kwa ramani.

Kujua kama imeshaumia, fungua kamera iliyokuja na simu, ilaze kwenye dirisha lililotulia ukielekeza mti wa mbali mchana. Picha ikitetemeka yenyewe bila kuguswa, au ukisikia mlio kama wa nzi kwenye chupa kutoka kwenye kamera, au mti haupati ukali hata baada ya kuugusa mara tano, hilo ni la fundi simu na hakuna mpangilio utakaolitibu. Isipokuwa likitokea kwenye programu moja tu. Septemba 2022, iPhone 14 Pro mpya kabisa zilikuwa zinatetemeka na kutoa mlio zikifunguliwa kamera kupitia programu kama TikTok na Instagram, ilhali kamera ya Apple ilitulia. Simu hazikuwa mbovu. Sasisho la iOS 16.0.2 liliponya, ndani ya mwezi huo huo. Ndiyo maana nakusisitizia kipimo hicho ukifanye kwa kamera iliyokuja na simu, kisha urudie kwa ile uliyopakua, simu ikiwa mahali pale pale.

Ukishafanya haya na sindano bado inafifia, nirekodie sekunde 20: kumi za kwanza cherehani imezimwa na fokasi imefungwa, kumi za pili ukishona taratibu. Usinitumie kama video ya kawaida ya WhatsApp. Itume kama dokyumenti, lije faili zima. Andika na aina ya simu, toleo la Android, na kama kava lina sumaku.